Kadi ya Hana

Wewe uliyelifungua daftari hili, lifunge. Nakuomba kwa heshima. Kama umeliokota, lirudishe ulipolikuta na usimwambie mtu ulichokiona, hata neno moja, hata jina. Humu mna mambo ambayo Mkuu akiyajua sina kazi, na mama yangu kule Lugoba akiyajua hatapata usingizi. Siandiki ili nisomwe. Naandika ili kichwa kipoe.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimechapa orodha ya wageni mara ya tatu. Printa imekula karatasi mbili. Nimezitoa vipandevipande kwa kibanio cha nyusi nilichoazimwa na dada wa usafi.

Wanafunzi wanafika Alhamisi. Watatu, kutoka Ucheki. Miezi mitatu ya Kiswahili hapa kituoni kwetu, na kila mmoja atakaa kwa mwenyeji wake mjini Bagamoyo ili aisikie lugha ikitumika. Mimi ni karani. Vibali, fomu, orodha, funguo. Bado niko kwenye majaribio. Yanaisha mwisho wa mwezi. Karani aliyenitangulia aliondolewa kwa kukosea mwaka kwenye fomu ya kibali. Mwaka tu. Ninaufikiria mwaka ule kila ninapoandika tarehe.

Orodha ilikuwa hivi:

Lukas: hali nyama.
Petra: anaogopa mbwa.
Hana: mzio wa korosho.

Mkuu wa kituo aliishika kwa ncha za vidole. Akauliza hizi nukta mbili mbili zinazopandana ni za nini, karatasi ina ndui. Akasoma kwa sauti: "Lukas hali nyama. Petra anaogopa mbwa. Hicho si Kiswahili kamili? Nukta za nini tena hapo katikati?" Wa tatu hakumsoma, alikwisha kunirudishia karatasi. Nikasema ndiyo, Mkuu. Nikazitoa zote. Kweli karatasi imependeza.

Mama yake Hana ameandika barua pepe ya nne. Kiingereza chake cha polepole, kama mtu anayevuka barabara. Anasema Hana alipokuwa na miaka tisa alikula biskuti ya unga wa korosho kwenye sherehe ya jirani. Koo likafunga. Wakadhani wamempoteza. Tangu siku hiyo anatembea na sindano yake ya dharura kwenye kipochi cha kiunoni. Lakini sindano ni ya mwisho, anasema mama. Ya kwanza ni watu kujua. Ameomba nimtengenezee mwanawe kadi ya Kiswahili ya kuvaa shingoni, aionyeshe kila atakapokula.

Nimeitengeneza leo leo. Wino mweusi, herufi kubwa, mstari uleule wa kwenye orodha ili maandishi ya ofisi yasipishane:

HANA MZIO WA KOROSHO

Hemedi wa steshenari ameipiga laminesheni. Haina kiputo hata kimoja. Nimeitazama mara nyingi. Ni kazi nzuri.

Jumanne, 8 Oktoba

Vyandarua vitatu. Funguo tatu. Fomu za wenyeji.

Nilimpanga Hana kwa mwalimu mstaafu wa Majani Mapana. Nyumba kubwa, kimya. Orodha imerudi kutoka kwa Mkuu ikiwa na mshale wa wino mwekundu: Hana aende kwa Bi Mwanaidi wa Magomeni ya hapa hapa mjini, Petra aende kwa mwalimu. Sababu haikuandikwa. Sikuuliza. Mkuu haulizwi sababu.

Nimeitafuta fomu ya Bi Mwanaidi. Mjane. Vyumba vitatu. Hana mbwa. Kazi: mjasiriamali. Siku hizi kila mtu ni mjasiriamali. Aliyezungukia nyumba za wenyeji ni Dulla, dereva wetu, si mimi. Nilimuuliza huyo mama ni mtu wa namna gani. Akasema mgeni wa pale huondoka na mashavu. Nikaridhika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Uwanja wa ndege tangu asubuhi. Nilishika kibao chenye majina yao. Niliogopa nimekosea tahajia. Sikukosea.

Hana ndiye mrefu. Miaka ishirini, nywele fupi, kipochi kiunoni. Kiswahili chake ni cha miezi michache. Kitu cha kwanza aliniambia shikamoo. Mimi nina ishirini na minne. Sikujua niitikie au nikatae. Niliitikia.

Garini Dulla alimuuliza jina.

"Mimi ni Hana."

"Hana nini?"

Msichana akafikiri. "Hana tu."

Dulla alicheka kuanzia Bunju. Maskini, hana tu. Kufika Mapinga alikuwa ameshamfundisha jibu: Hana hana shida. Wote watatu wakawa wanalirudia kwa pamoja, na Lukas akalipigia makofi. Nilicheka na mimi. Hofu ikapungua.

Nikampa kadi yake. Aliipitisha kidole, akalikuta jina lake mwanzoni, akatabasamu. Akaipiga picha akamtumia mama yake kwa intaneti ya simu ya Dulla. Jibu lilikuja kabla hatujafika Kerege. Alinisomea. Mama anasema asante, leo atalala.

Niliteremka ofisini na pasipoti zao. Dulla akawasambaza kwa wenyeji.

Ijumaa, 11 Oktoba

Somo la kwanza. Salamu.

Mdomo wa juu wa Hana umevimba upande mmoja. Nilimuuliza. Akasema labda mbu. Nimeandika kwenye daftari la afya: mbu. Nikaongeza kwamba vyandarua vya kituo ni vizima, nimevikagua mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nusu siku. Nilikwenda kwa Hemedi kutoa nakala za pasipoti. Alikuwa anasubiri mashine ipate moto. Akaniambia amekaa na swali tangu Jumatatu.

"Karani, mtu kama hana mzio, kadi anaivaa ya nini?"

Nikamwambia anao.

"Mbona umeandika hana?"

"Hana ni jina lake."

Alikuwa anacheka. Akaacha. "Basi ile uliyompa si kadi," akasema. "Ni ruhusa."

Nilisahau nakala kwake. Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikaiandika sentensi ile kwenye karatasi tupu na kuisoma kama mtu asiyemjua Hana. Inasema hana. Inasema wazi, kwa herufi kubwa.

Nukta mbili. Mbili tu.

Msichana mwenyewe hapatikani kwa simu, laini zao hazijasajiliwa. Namba ya Bi Mwanaidi ninayo. Nilishika simu nimpigie. Sikupiga. Angempigia Mkuu kuuliza kulikoni. Mkuu angesema: mwaka jana mwaka, mwaka huu nukta. Naandika ukweli huu kwa kuwa hakuna anayeusoma.

Nimejipa sababu. Hana anazijua korosho kwa macho, hatazila. Mwenyeji atakuwa anapika wali na maharage kama watu wote. Korosho ni kitu cha kununua barabarani.

Nimetengeneza kadi mpya: JINA LANGU NI HANA. NINA MZIO WA KOROSHO. NIKILA NITAKUFA. Laminesheni nimeipiga duka jingine, karibu na stendi, ili Hemedi asiulize. Ina viputo viwili. Kesho wanakwenda kuona magofu ya Kaole. Nitambadilishia kimyakimya.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilikwenda Kaole. Kadi mpya mfukoni. Mkuu alitembea ubavuni mwa Hana kutoka kaburi hadi kaburi akimweleza. Kadi ya zamani ikimning'inia kifuani.

Getini kulikuwa na mama anauza korosho za vipakiti. Alimnyooshea Hana kimoja aonje. Hana akatikisa kichwa, akamwonyesha kadi. Mama akasoma, akafurahi, akaongeza cha pili. Hana akaionyesha tena, kwa kidole. Mama akamfungulia kabisa. Mkuu akacheka, akasema wageni wana haya siku za mwanzo. Hana alirudi nyuma hatua mbili, akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyempa kadi.

Nilisema jua kali, twendeni.

Hilo ndilo nililosema. Jua kali.

Kadi mpya imerudi nyumbani na mimi. Kesho ni sikukuu, ofisi imefungwa. Nitampa Jumanne, kabla ya somo. Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili yake. Kwa ajili yangu.

Jumatatu, 14 Oktoba. Siku ya Nyerere

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa sita kasoro Dulla alikuja chumbani kwangu kwa pikipiki yake, na kifurushi. Korosho, za moto bado. Akasema zawadi yangu kutoka kwa Bi Mwanaidi.

Nikauliza kwa nini Bi Mwanaidi ana korosho.

"Karani, wewe huishi mjini hapa? Ndiyo kazi yake. Anachoma na kubangua uani kwake mchana kutwa. Kila mwaka kituo kinahangaika kumpatia mgeni, huyu anakohoa, yule anawashwa. Safari hii kasema anamshukuru karani, kaletewa mtoto mpaka na kadi kwamba hana mzio."

Akaendelea. Kasema mtoto ana haya, za kwenye bakuli anazikataa tangu Alhamisi. Basi leo sikukuu anampikia kuku, korosho amezisaga kwenye mchuzi, atakula bila kuona aibu.

Nilipiga simu ya Bi Mwanaidi. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilimwambia Dulla tuondoke. Hakuuliza. Nilikuwa na kiatu kimoja cha ofisi na ndala moja. Nimeliona hilo jioni.

Uani moshi. Maganda meusi kwenye karai la kuchomea. Simu ya Bi Mwanaidi iko dirishani, inachajiwa. Yeye kakaa mkekani na kanga yake ya sikukuu, anamtazama mgeni wake akila. Sahani iko mapajani mwa Hana. Kijiko kiko mkononi.

Sikumwamkia. Ni mara ya kwanza maishani naingia kwa mtu mzima bila shikamoo.

"Mama, asile. Hana ana mzio."

"Hana au ana?"

"Ana, mama. Hana ana."

"Karani, kadi imeandikwa hana."

"Hana ni jina."

Hana alilisikia neno mzio. Akaitazama sahani. Akainusa. Shingo yake ilikwisha kuwa nyekundu na alikuwa anakohoa kikohozi kidogo kikavu, kama mtu aliyemeza vumbi. Alifungua kipochi mwenyewe, akatoa sindano, akajichoma pajani juu ya nguo. Mimi nilishika sahani. Sijui kwa nini. Bajaji ya jirani ilitupeleka hospitali, Bi Mwanaidi kampakata kichwa, koo la Hana likipiga mluzi, na mimi na sahani ya kuku. Daktari alipouliza amekula nini, nilimpa.

Bi Mwanaidi alisema vijiko vitatu. Alikuwa amehesabu kwa furaha.

Dripu. Oksijeni. Sindano ya pili. Saa kumi mluzi uliisha. Daktari anasema atalala pale, kesho atatoka.

Wauguzi walipokuwa wakimlegeza nguo niliivua ile kadi shingoni mwake. Nikaitia mfukoni. Hakuna aliyeniona. Sasa zote mbili ziko kwangu.

Jumanne, 15 Oktoba

Hana ni mzima. Macho yamevimba, sauti nzito. Aliniuliza kadi yake iko wapi. Nikasema sijui.

Mkuu aliitisha kikao. Alikuwa amekasirika na amechoka, jana alikesha kwenye simu na mama yake Hana. Akasema mama huyo ameambiwa kadi ilikuwapo, picha anayo, na kila mtu aliiona shingoni. Basi mwenyeji ameonywa kwa maandishi na akamlisha mgeni. Picha yenyewe Mkuu hajaiona. Bi Mwanaidi afutwe kwenye orodha. Nikaambiwa niandike barua. Nimeiandika. "Kwa uzembe wa kumpa mgeni chakula alichoonywa." Leo printa haikula karatasi.

Alikuja mwenyewe kabla barua haijatoka. Buibui lake jeusi, viatu vya kutokea. Nilimwamkia. Akasema marahaba. Wiki iliyopita, nilipompigia kumwarifu kuhusu mgeni, alisema marahaba mwanangu. Leo marahaba tu.

Mlango wa Mkuu ulikuwa wazi. Alisema amefika darasa la saba na kusoma anajua. Aliisoma kadi mara mbili, akamwita jirani akaisoma na yeye. "Ileteni hiyo kadi," akasema. "Isomwe hapa mbele yangu." Mkuu akajibu haionekani, imepotea hospitali.

Bi Mwanaidi aligeuka akanitazama. Afadhali angenitukana.

Dulla anasema Magomeni yote inazungumza. Kamlisha mzungu sumu. Mwenye duka anayechukua vipakiti vyake amemrudishia mzigo wa wiki nzima. Dulla hakutania hata mara moja leo.

Kadi iko chini ya godoro. Ninaihisi mgongoni. Si kweli, haiwezekani kuihisi. Lakini naihisi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeipeleka.

Sentensi niliifanyia mazoezi njia nzima. "Mkuu, kadi ninayo. Niliichukua mimi. Nilijua tangu Jumamosi." Niliisema yote bila kupumua. Nikaweka mezani kadi mbili, ya zamani na mpya, na ile orodha ya kwanza yenye nukta, sikuwa nimeitupa.

Mkuu alisoma ya zamani. Midomo yake ilicheza. Akasoma tena. Akafungua mtoto wa meza akatoa orodha yake yenye mshale mwekundu, akaiweka kando ya yangu.

Akaniambia kuhusu mshale. Kila mwaka anatafuta mgeni anayeweza kukaa nyumba ya korosho. Alipouona mstari wangu alifurahi. Alidhani karani amefikiria mbele, amewauliza wote, na huyu ndiye asiye na mzio. Ndiyo maana akamhamisha. Alikuwa amepanga kunisifu. Hana alipoumwa alidhani aliisoma orodha vibaya.

Kisha akasema nukta hizi alizitoa yeye. Nikasema nilizitoa mimi, Mkuu, wewe ulisema tu. Sijui mdomo niliupata wapi.

"Ulijua Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Na Jumapili ulikuwa Kaole."

"Nilikuwapo."

Alivua miwani. "Nukta ni zetu wawili," akasema. "Jumapili ni yako peke yako."

Aliniambia nirudi kwenye meza yangu. Nimekaa mpaka saa kumi na moja. Nimepanga faili zilizokwisha kupangwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mkuu amesema mama yake Hana nimwandikie mimi. Yote. Nimeandika. Nimeandika Jumamosi, nimeandika simu niliyoshika bila kupiga, nimeandika jua kali, na picha za kadi mpya, mbele na nyuma, nimeziambatisha. Nilitafuta neno la Kiingereza la aibu lenye uzito wa letu. Sikulipata. Nimetuma hivyo hivyo.

Hakujibu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mkuu aliichana barua ya Bi Mwanaidi mbele yangu. Baada ya swala tulikwenda kwake, Mkuu mbele na kanzu, mimi nyuma. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kwenye moshi, majirani wakichungulia juu ya ukuta, akasema kwa sauti ya kufundishia darasa kwamba kosa ni la ofisi, kadi iliandikwa vibaya na mwenye nyumba aliisoma sawasawa. Aliirudia mara mbili. Mtu wa shule hujua kwamba mara ya kwanza watu hawasikii.

Bi Mwanaidi alisema amesikia, na yule mwenye duka pia asikie. Mkuu akaahidi kupita dukani. Alipita. Nilimwona.

Kwangu mimi Bi Mwanaidi alisema jambo moja. Alikuwa anakoroga karai, hakunitazama.

"Ungenipigia simu, mwanangu. Ningefanya nini? Ningezima moto."

Ila alisema mwanangu.

Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Barua ya onyo iko kwenye faili langu. Nimeifaili mwenyewe.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Nimefua.

Hana amehamia kwa mwalimu wa Majani Mapana, chumba nilichompangia mwanzo. Nilikwenda kumwona mchana. Nilimwambia mwenyewe yale niliyomwandikia mama yake, kwa Kiswahili chepesi, polepole. Akasema maneno yote manne ya kadi aliyajua, hata hana alikuwa amelijifunza kwenye somo la tatu kwao. "Lakini nilisoma jina langu tu," akasema. Kisha akasema Kaole alidhani nimemwona. Nikasema nilimwona. Hakusema hakuna shida. Nimefurahi kwamba hakusema.

Tulipokuwa tumekaa Bi Mwanaidi aliingia na maembe. Ameoga, amebadilisha nguo zote, amenawa mikono tena pale bombani kabla ya kumgusa. Alimwita Hana wangu. Hana akamwamkia, kisha akasema kwa makini, kama mtu anayebeba maji: "Mimi ni Hana. Mimi nina." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikula embe.

Jioni jibu la mama limefika. Fupi. Hakunisamehe, hakunitukana. Anasema ameiona kadi mpya, inafaa, lakini upande wa nyuma ni mtupu. Nyuma iandikwe mwanawe akiumwa atafutwe nani. Jina la mtu. Hataki jina la ofisi.

Nilikuwa nimezoea kuandika "wasiliana na kituo". Kituo hufungwa saa kumi na moja.

Nimekaa mezani. Nimechukua karatasi nzuri. Mbele nimeandika upya, na nukta zake: JINA: HANA. ANA MZIO: KOROSHO. AKILA ATAKUFA. Nimemsomea mwenye nyumba wangu, ambaye hamjui Hana, nikamuuliza ameelewa nini. Ameelewa.

Nyuma nimeandika hivi. Nanakili hapa ili nisisahau nilichoahidi.

Huyu akiumwa, nitafuteni mimi. Naitwa Rajabu, karani. Asubuhi hadi alasiri niko kituoni, chumba cha kwanza kushoto, mlango uko wazi. Ijumaa mchana niko msikitini Nianjema, safu ya nyuma, karibu na viatu. Jioni na usiku niko nyumbani: Nianjema, nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba isiyopigwa lipu, dirisha la pili. Gonga dirishani, si mlangoni, kitasa kibovu. Nisipoitika gonga tena, kwa nguvu. Usiogope kuniamsha.